Kidole Gumba cha Wodi ya Saba

Jumanne, 3 Machi 1981

Leo nimeanza kazi mpya nayo imenipendeza, kwa hiyo naiandika.

Wizara imetoa waraka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani asirudishwe nyumbani mpaka jamaa yake mmoja awe amefundishwa wodini kwa siku tatu: kumgeuza, kumwosha, kumlisha, kutambua kidonda cha mgongo kabla hakijachimba. Akishafundishwa anatia sahihi kwenye kadi, au kidole gumba kama hajui kuandika. Kadi moja inakaa kitandani, nakala naondoka nayo mimi. Kazi yangu ni kupita kila Jumanne, kukagua, na kupiga mhuri. Bwana Gachanja, mkubwa wangu, anasema alinichagua kwa sababu nilikaa miaka kumi na mmoja ofisi ya pensheni nikilinganisha vidole gumba vya wajane. Hilo ni kweli. Watu wengine hukumbuka nyuso, mimi nakumbuka vidole.

Hospitali yenyewe sitaiandika jina hata humu. Iko upande wetu huu, karibu na viwanda, na moshi unaingia madirishani. Wodi ya Saba ni ya waliopooza. Mkuu wake, Sista Kezia, ni mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alinikabidhi kadi thelathini na nane zikiwa zimepangwa, halafu akasimama kando yangu muda wote akitazama mkono wangu. Nilimwambia aende kwa wagonjwa wake, sitamwibia kadi.

Nilipomaliza akaniuliza, "Umezisoma zote, madam?"

"Nimezikagua," nikamjibu.

Akaenda zake. Mihuri thelathini na nane, na kila mmoja umenyooka sawasawa. Nimerudi nyumbani Jericho na furaha ya kijinga.

Jumanne, 10 Machi

Kadi tisa. Zote sawa. Vumbi tupu, mvua bado.

Jumanne, 17 Machi

Kadi kumi na moja. Kuna kidole kimoja nilikiona leo kikanisumbua, sijui kwa nini. Labda ni njaa, maana sikula mchana.

Jumanne, 24 Machi

Mvua imefika. Imeingia kwa kishindo saa nane mchana nikiwa wodini, taa zikazimika, wagonjwa wote wakanyamaza kwa pamoja.

Nilikuwa nimeshika kadi ya Mzee Ngigi wa Maringo. Jamaa aliyefundishwa: Waithera, mke. Na kidole kilekile. Kovu limekipasua mshazari, na juu ya kovu mistari imejikunja upande mmoja. Nikarudi kwenye kadi iliyotangulia, ya Kahin, dereva wa lori. Jamaa: Batulo, mke. Kovu hilohilo.

Nilizipeleka dirishani kwenye mwanga. Waithera ni Mkikuyu wa Maringo, Batulo anakaa Eastleigh. Hawawezi kuwa na kidole kimoja. Nilizipiga mhuri zote mbili kwa sababu Sista alikuwa anangoja, kisha nikajichukia njia nzima.

Alhamisi, 26 Machi

Nimezitoa kabatini nakala za wiki mbili zilizopita na kile kioo changu cha kukuzia. Kadi kumi na tatu. Mke wa huyu, mama wa yule, dada wa mwingine, nyanya wa mtoto wa mtaa wa Baba Dogo aliyeanguka kutoka kwenye mjengo. Wote ni mtu mmoja.

Nilimwonyesha Bwana Gachanja. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama Koki, wino ukizidi vidole vyote hufanana. Unajua hospitali yako ndiyo ya kwanza mkoa mzima? Hakuna mgonjwa aliyetoka bila kadi. Usitafute chawa kwenye upara."

Jumanne, 31 Machi

Mvua. Ukuta wa chumba cha kulala umeota doa la unyevu, na nikilitazama naona kovu mshazari. Nimesogeza kabati la nguo mbele yake.

Jumanne, 7 Aprili

Leo sikwenda hospitalini kwanza. Nilipitia Maringo, kwa Mzee Ngigi.

Mlango ulikuwa wazi, na viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa nje chini ya turubai. Nilijua kabla ya kuambiwa. Mama Waithera alinikaribisha, akanipa chai, akidhani nimetoka kanisani kwao.

"Alikufa Jumamosi," alisema. "Nilikuwa nampa uji, si unajua hapendi chakula kigumu. Akakohoa. Akakohoa tena. Halafu akatulia, mimi nikadhani ameshiba."

Nilimwuliza alikuwa amelala vipi.

"Chali. Angelala vipi na yeye hawezi kuketi?"

Nikamwuliza kama alifundishwa kumwinua kwa mito kabla ya kumlisha. Siku tatu, wodini.

"Nani? Mimi niliambiwa tu leteni blanketi, mzee yuko tayari. Nilikaa dakika kumi."

Nilimwomba anionyeshe kidole gumba chake cha kushoto. Alikitoa bila kuuliza. Ni cha mtu aliyefua nguo za watu miaka thelathini, mistari imelika, ni laini kabisa. Hakuna kovu. Nikamtolea ile kadi. Hajui kusoma, lakini kidole alikitambua kuwa si chake, akakigusa kwa ncha ya ukucha, taratibu.

"Huyu ni nani?"

"Sijui, mama."

"Ameandikwa ni bibi ya mzee wangu?"

"Ndiyo."

Mvua ilipiga turubai. Kisha akasema, "Basi kuna bibi mwingine mahali, na yeye ndiye alifundishwa. Mbona hakuja kumlisha?"

Niliitazama kadi. Mhuri wangu ulikuwa pale chini, bluu, umenyooka.

Jumanne, 14 Aprili

Nilimwuliza Sista Kezia. Nilizunguka, sikuwa na ujasiri wa kuingia moja kwa moja. Nilisema, "Sista, kuna kidole hapa nakiona mara nyingi."

Alikuwa anakunja shuka. Hakugeuka. "Basi muulize mwenye kidole."

"Yuko wapi?"

"Hatoki hapa," akasema.

Nilitazama wodi nzima. Vitanda arobaini na sita, wauguzi wawili. Jamaa walikuwa bado hawajaruhusiwa kuingia, hakukuwa na mtu yeyote aliyesimama isipokuwa sisi. Nikapiga mhuri kadi kumi na mbili na kutoka haraka, na naandika wazi kwamba nilizipiga kwa woga.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka. Mahubiri ya kidole kwenye jeraha. Nilitoka nje kupunga hewa.

Jumanne, 28 Aprili

Asa ameanguka.

Asa ndivyo tunavyomwita baba kwetu Ukambani. Mzee Mativo, mchongaji, miaka sitini na nane. Alikuwa karakanani na wenzake, tezo mkononi, akichonga kichwa cha twiga. Wanasema aliweka tezo chini vizuri, akasema kitu ambacho hawakukielewa, akalala upande. Upande wa kulia wote umekufa. Walimkimbiza hospitali iliyo karibu, na iliyo karibu ni ile. Wodi ya Saba, kitanda cha kumi na tisa.

Nimekaa naye mpaka saa ya kufukuzwa. Mkono wake wa kuchongea ni mzito na baridi. Mungu wangu, nisaidie.

Jumanne, 5 Mei

Siku hizi naingia wodini mara mbili, mara moja na mhuri na mara moja na chupa ya supu. Kwa hiyo naona nisiyokuwa nikiyaona. Naona Sista Kezia akibeba mwanamume mzima peke yake kumgeuza, midomo imekauka. Naona saa nzima inapita kabla hajafika kitanda kinachofuata. Nilikuwa nikimwona mtu wa kiburi. Sasa sijui nimwone vipi.

Asa hanitazami mimi. Anatazama kona.

Konani, kitanda cha arobaini, kuna mwanamke aliyeokotwa kando ya barabara mwezi wa Januari. Hana jina, wodi wanamwita Mgeni. Hasemi, hajigeuzi. Macho yake yako wazi siku nzima na hayafuati kitu. Hakuna aliyewahi kuja kumwona. Wagonjwa wengine wa siku nyingi wote wana kadi miguuni pa kitanda. Kwake kuna kigingi kitupu.

Ijumaa, 8 Mei

Asa amesema! Maneno yanatoka upande mmoja wa mdomo, yamelowa, lakini ni maneno.

"Yule... anaandika."

"Nani, Asa?"

"Mama... wa kona. Asubuhi. Anaandika."

Nilimpapasa kichwa. Nilimwambia yule mama hawezi hata kufunga macho. Akanikasirikia kwa jicho lake zima, alivyokuwa akinikasirikia nikiwa mdogo nikimpa patasi isiyo yenyewe.

Jumanne, 12 Mei

Nimekwenda konani.

Ilikuwa saa ya chakula, muuguzi mmoja alikuwa jikoni na Sista alikuwa kitanda cha pili. Mvua ilikuwa imetulia, matone tu ya paa. Nilisimama kando ya kitanda cha arobaini nikamsalimia, maana sikujua la kufanya lingine. "Habari ya mchana, mama." Macho yalitazama dari.

Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya blanketi. Wa kushoto ulikuwa nje, umelazwa juu ya kitambaa safi, kiganja juu. Mtu aliuweka hivyo makusudi. Niliinama. Kidole gumba kilikuwa cha bluu. Si bluu ya ugonjwa. Ni wino wa pedi ya mhuri, wino wangu, umeingia kwenye ngozi mpaka chini ya ukucha, wa siku nyingi juu ya siku nyingi. Na kovu, mshazari.

Nilikishika. Kilikuwa na joto. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba kilikuwa na joto la mtu. Huyu ndiye mke wa Kahin na nyanya wa yule mtoto wa Baba Dogo. Huyu ndiye aliyefundishwa kumlisha Mzee Ngigi. Yeye mwenyewe analishwa kwa mpira wa puani.

Nilipoinua uso, Asa alikuwa ananitazama kutoka kitanda chake. Sista Kezia pia. Niliketi mezani nikapiga mhuri kadi saba. Sijui kwa nini nilizipiga. Mkono ulizoea.

Alhamisi, 14 Mei

Nilikwenda saa ya jamaa na pamba na spiriti nikamsugua kile kidole. Wino haukutoka.

Jumanne, 19 Mei

Kitanda cha arobaini ni kitupu, godoro limekunjwa. Mgeni alikufa Jumapili alfajiri. Manispaa imemzika jana na wengine wasiokuwa na watu.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri sasa yamekwisha, kidole kimekwenda na mwenyewe, sitalazimika kumwambia yeyote. Nilifurahi kwa muda wa kutoka mlangoni hadi getini, kisha nikalia mpaka askari wa geti akaniuliza, "Madam, umefiwa?"

Jumanne, 26 Mei

Kadi saba mpya. Tarehe 20, 21, 22, 25. Vidole saba.

Ni yeye.

Nililinganisha kwa kioo mara tatu. Amezikwa tarehe 18, na tarehe 25 amefundishwa kuwa mama wa kijana wa Mukuru. Nimeziacha bila mhuri. Ni mara ya kwanza.

Alhamisi, 28 Mei

Naandika yote.

Nilipofika na supu, Asa alikuwa amevalishwa shati lake. Daktari amesema atoke kesho kutwa, kitanda kinahitajika. Kadi ilikuwa imetundikwa. Jina la mgonjwa: Mativo. Jamaa aliyefundishwa: Ndanu, binti. Ndanu ndilo jina langu.

Na kidole chake. Marehemu ndiye mimi. Marehemu ndiye binti wa baba yangu.

Niliing'oa kadi nikamfuata Sista Kezia kwenye chumba cha dawa.

"Huyu mama amekufa," nikamwambia. "Amekufa na bado anatia kidole! Hunionei hata haya? Baba yangu!"

Hakushtuka. Alivuta droo. Ndani kulikuwa na kadi tupu, zimefungwa kwa bendeji, hazijaandikwa jina lolote, na kila moja ina kidole cha bluu chini.

"Nilijua hatamaliza mwezi," alisema. "Niliweka akiba."

Niliketi juu ya kreti. Aliendelea kusimama, sauti ileile kavu.

"Tuko wawili, madam. Wagonjwa arobaini na sita. Huo waraka wenu ulileta kadi. Haukuleta mwalimu, haukuleta hata benchi ya jamaa kukalia. Wale wa kwanza niliwafundisha kweli, wote thelathini na saba, na niligeuza wagonjwa na kufundisha kwa mikono hii mpaka nikaanguka hapo kwenye sinki. Halafu ofisi ya juu ikasema kila kitanda kiwe na kadi kabla mkaguzi hajafika. Kila kitanda. Hata cha Mgeni."

"Ungesema," nikamwambia. "Ungeniambia mimi."

Hapo ndipo alinitazama usoni, na nilitamani asingenitazama.

"Nilikuambia. Siku ya kwanza. Kadi ya Mgeni niliiandika nikaiweka ya mwisho, nikasimama hapo nikikungoja uisome. Nikakuuliza kama umesoma. Ulisema umekagua. Nikasema basi, kama hiyo imepita, hakuna itakayokataliwa."

"Uliandika nini?"

"Si unayo nakala?" akasema. "Yangu niliichana."

Ijumaa, 29 Mei

Nimekwenda ofisini. Nimekaa mbele ya kabati. Sikufungua.

Jumatatu, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Magwaride redioni. Mvua imepungua, sasa ni baridi na manyunyu. Juzi nilimwambia daktari Asa hatoki mpaka nifundishwe siku tatu kama waraka unavyosema, akitaka amwite mkubwa wangu. Akaondoka akinung'unika. Kazini nimeomba likizo.

Jumatano, 3 Juni

Siku ya pili. Sista Kezia ananifundisha bila kunihurumia. "Si hivyo, utamvunja bega. Goti lake kwanza. Vuta shuka, usivute mtu." Jana nilikuwa peke yangu. Leo nilipoinua kichwa, jamaa wa vitanda vya jirani walikuwa wamesimama nyuma yangu, mmoja akiwa bado na kikapu kichwani. Hakuna aliyewaita. Mmoja akauliza, "Sista, rudia hapo kwa goti." Akarudia. Mikono yangu ikawa ya kuonyesha, sauti ikawa yake, na tukaenda hivyo hadi kitanda cha ishirini na tatu.

Alhamisi, 4 Juni

Leo walikuwa kumi na sita. Kumlisha: mito mitatu, kidevu chini, kijiko kidogo, ngoja ameze ndipo uongeze, na akikohoa acha. Akikohoa acha! Mambo ya dakika tano. Nilimfikiria Mama Waithera mpaka kijiko kikanitoka.

Asa alimeza bakuli zima. Kisha akatazama kona. "Ameenda wapi... yule mama?"

"Ameenda, Asa."

"Alikuwa hataki," akasema. "Walikuwa wanamshika."

Jumamosi, 6 Juni

Asa yuko nyumbani. Nimemwondolea lile kabati ukutani ili kitanda kipate nafasi ya kupita pande zote mbili. Doa la unyevu limekauka, ni doa tu.

Jumanne, 9 Juni

Leo nimefungua kabati la ofisini.

Nimetoa kwanza zote zenye kidole kile. Ni sitini na moja. Nimezipanga kwa tarehe. Bwana Gachanja alipita, akaona, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Koki, ripoti imeshaenda. Sisi ni nambari moja. Ukifukua hizi, wa kwanza kuanguka ni wewe. Mhuri ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

Alingoja niseme zaidi. Nikaendelea kuzipanga, akaenda.

Kisha nikafungua bahasha ya Machi 3. Ilikuwa ya mwisho, kama alivyosema. Nainakili hapa ili nisije siku moja nikajiambia niliota.

Jina la mgonjwa: Hajulikani.
Jamaa anayemuuguza: Hana.
Aliyefundishwa: Mgonjwa mwenyewe.
Maoni ya muuguzi: Hii si kweli na wewe unaona si kweli. Hakuna wa kufundishwa na hakuna wa kufundisha. Tafadhali usiipitishe. Njoo tuzungumze.

Mwandiko wake ni mzuri, mkubwa, hata mtoto angeusoma. Chini yake kuna kidole, cha kwanza kabisa, kimebonyezwa kwa upole, kovu linaonekana wazi. Na juu ya maneno "Njoo tuzungumze" kuna mhuri wangu, IMEKAGULIWA, umenyooka sawasawa.

Nimeiweka juu ya zile nyingine, zikawa sitini na mbili. Nimeandika barua ya kurasa mbili kwa Katibu wa Wizara, na jina la kwanza la mkosaji humo ni langu. Nimeitia sahihi, kisha nikabonyeza pedi nikatia na kidole gumba, ili wajue ni cha mtu aliye hai. Nimeipeleka kwa mkono wangu mwenyewe na kudai risiti.

Sasa ni saa kumi, niko nyumbani, na wino bado haujatoka kidoleni. Ni wakati wa kumgeuza Asa.